Kuhesabu Mpaka Mia

Jumatano, 4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kutoka saiti kwenu zimenifika, ila hazikutoka kwako. Breki, dereva wa lori la sabuni, alipita jana hapa kantini kuuliza mzigo wako wa Alhamisi, akasema amenibebea ujumbe. Nikafuta mikono upesi nikijua ni wewe. Kumbe ni mlinzi wa getini kwenu. Ananisalimu sana, na anasema maharage ya wiki iliyopita chumvi ilizidi. Anaomba nirudie yale ya mwezi wa kwanza, yalikuwa yameiva vizuri zaidi.

Mlinzi. Mtu ambaye sijawahi kumtia machoni ananipangia chumvi.

Nikambana Breki. Unamjua, hawezi kudanganya, akijaribu macho yanamtoka. Kasema tangu mwezi wa kumi mwaka jana hotipoti inafika getini, unatoa ile chupa ya rojo unaitia mfukoni, halafu hotipoti nzima unamkabidhi mlinzi. Kila Alhamisi. Na kila Jumamosi unaniandikia, "Dada nimekula nikasaza, Mungu akuzidishie." Ulikuwa umekula nini ulipoandika hayo? Ulikuwa umeshika tumbo ukinicheka?

Mimi naamka kabla ya jogoo. Kabla sijawasha majiko ya kiwanda, kabla sijawapikia wanaume mia tatu wanaonisubiri na sahani zao, nakupikia wewe kwanza. Nachambua maharage punje moja moja. Kama siku hizi unaendesha kreni na chakula cha kantini kimekuwa cha watu wa chini, ungesema. Ningekuelewa. Ningekuchukia, lakini ningekuelewa.

Chupa ya rojo nimeitia kwenye huu mzigo kwa sababu nilikuwa nimeshaipika. Usidhani nimekusamehe.

Dada yako,
mpishi wa mlinzi


Jumamosi, 7 Machi

Dada,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo ulivyonilea, si kwa sababu barua yako ilikuwa na adabu.

Sikukucheka. Nilikuwa nimeshika tumbo kweli, hapo umepatia. Ni mwaka na nusu sasa. Nikila maharage yako linajaa kama mpira, linanikata, halafu nakimbia. Kuna siku naenda choo mara sita kabla ya saa tano, halafu siku tatu siendi kabisa. Maziwa hivyohivyo. Nilipogundua hotipoti yako inaniweka chooni Ijumaa nzima, nikaanza kumpa mlinzi. Kwa nini sikusema? Soma barua yako mwenyewe uone kwa nini sikusema.

Daktari wa kwanza alipima damu, akapima choo, akanipiga picha, akaniingiza kamera. Akasema kila kitu safi, nipunguze mawazo. Nililipa nikarudi nyumbani na tumbo langu. Juzi nikaenda kwa mwingine, mama mmoja amevaa miwani yenye kamba shingoni. Yeye alisema vipimo safi maana yake hakuna kidonda wala uvimbe, haina maana kwamba siumwi. Utumbo wenyewe ndio hauendi sawasawa. Ni mwepesi kukasirika, ndivyo alivyosema, na kinachoukasirisha hakilingani kwa kila mtu. Halafu akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu amewahi kuniuliza. Hakuuliza nakula nini. Aliuliza nakulaje.

Nikamwambia. Napanda kreni saa kumi na mbili asubuhi bila kitu tumboni, maana nikila nitahitaji kushuka, na kule hakuna kushuka. Sinywi hata maji. Jioni nikifika chumbani nakula mlima, nakula nimesimama, namaliza kabla sufuria haijapoa. Akauliza mbona haraka hivyo. Nikamjibu ukweli, dada yangu alikuwa ananihesabia mpaka mia.

Hukumbuki? Mimi nakumbuka. Unasimama mlangoni, mkoba begani, moja, mbili, tatu, na ukifika mia sahani iwe inang'aa. Nina miaka thelathini na minne na mpaka leo nikishika kijiko nahesabu.

Daktari kanipa daftari. Niandike kila kinachoingia mdomoni, saa ngapi, na tumbo lilifanya nini. Wiki tatu. Kwa hiyo usinitumie maharage.

Mdogo wako


Jumatano, 11 Machi

Wewe,

Kwa hiyo ni mimi. Umekwenda kwa mtu mwenye miwani usiyemjua, ukakaa kwenye kiti chake, ukamwambia dada yangu ndiye aliyeniharibu tumbo. Ahsante sana. Watu wengine hulea watoto wakashukuriwa. Mimi nimeandikwa kwenye faili la hospitali.

Utumbo una hasira? Basi haukwenda mbali, umerithi za ukoo. Mimi nina hasira za kutosha na choo naenda mara moja kwa siku.

Nimepika miaka ishirini na moja. Nimelisha watu wenye vidonda vya tumbo, wenye sukari, wenye presha, na wavivu waliojidai wana vyote vitatu. Wakipimwa wakakutwa safi, wanarudi kazini. Kamera imeingia mpaka ndani haikuona kitu, wewe bado unaumwa. Unaumwa nini? Unashinda njaa kutwa nzima kama mtu aliyewekwa jela, jioni unajitupia chakula kama gunia, halafu unashangaa tumbo kuvuruga. Hata gari ukilitendea hivyo litakuzimikia njiani. Na hilo halina uhusiano na maharage yangu.

Eti hakuna kushuka. Kila mtu anashuka. Kantini yangu saa saba kamili wanaume wote mia tatu wako mezani, hata fundi wa boila anashuka kwenye boila lake. Jikaze. Mwanaume mzima unashindwa na ngazi.

Na hiyo mia. Unaikumbuka mia, hukumbuki kwa nini. Sitakwambia. Jiulize mwenyewe.

Maharage sijatuma. Chupa nimetuma, kwa sababu rojo lile lilikuwa la mama kabla halijawa langu na sina haki ya kukunyima.

Dada


Jumamosi, 14 Machi

Dada,

Umeandika "mwanaume mzima unashindwa na ngazi". Haya, ngoja nikusimulie ngazi.

Ijumaa ya tarehe 27 Februari, saa saba na nusu mchana, nilikuwa juu na tangi la zege kwenye ndoano. Tangi limejaa. Linaning'inia usawa wa ghorofa ya tisa, na mafundi wawili wako chini yake wanasubiri nilishushe. Tumbo likanikamata. Nakwambia likanikamata, si mchezo wa kujikaza. Nilitoka jasho mpaka viganja vikateleza kwenye mikono ya mashine. Nikamwita msimamizi kwenye redio, nikamwambia nataka kushuka. Akasema maliza hilo tangi na mengine manne, zege likikaa linaganda. Nikamwambia tena. Akazima redio.

Nikafunga breki, nikaacha tangi hapo hewani, nikafungua mlango nikaanza kushuka. Kuacha mzigo hewani bila mtu ndilo kosa kubwa kuliko yote kwa mwendesha kreni. Najua. Nimewafundisha wengine wasilifanye. Tangi lingeyumba na upepo, wale mafundi wawili leo tungekuwa tumeshawazika.

Na sikufika chini. Nilijichafua nikiwa katikati ya ngazi. Haya, weka na hilo kwenye hasira zako. Niliendelea kushuka hivyohivyo, watu wamesimama chini wananitazama, na hakuna aliyecheka. Bora wangecheka.

Nimesimamishwa tangu siku hiyo. Nilikaa nyumbani mpaka Jumatatu, halafu nikapelekwa stoo kugawa kofia ngumu na glavu. Jumanne, tarehe 14 Aprili, kuna kikao. Meneja, afisa usalama na mjumbe wa wafanyakazi. Nikikosa la kusema wananinyang'anya cheti cha kreni, na bila cheti hakuna saiti itakayonichukua. Daktari amesema ataniandikia barua akishaliona daftari.

Na usiniambie tena kila mtu anashuka saa saba. Hapa kila Jumatatu asubuhi, kabla hatujapanda, msimamizi anatuletea kitabu cha mapumziko. Tunaweka sahihi ya wiki nzima. Saa saba hadi saa nane, mapumziko ya chakula, Jumatatu mpaka Jumamosi, sahihi sita kwa mkupuo. Halafu tunapanda na hakuna anayeshuka. Kwa karatasi mimi nimekula chakula cha mchana kila siku kwa miaka mitano. Meneja atakifungua kitabu hicho mbele ya kikao aseme, huyu alikuwa na saa nzima ya kwenda choo.

Sasa umejua yote. Umefurahi?

Mdogo wako


Jumatano, 18 Machi

Mdogo wangu,

Sikufurahi.

Nimesoma barua yako nikiwa stoo ya unga, nimefunga mlango. Msaidizi wangu akagonga mara tatu nikamfukuza. Wali wa watu mia tatu umeungua leo, wa kwanza kuungua tangu niwe mkuu wa jiko, na hakuna aliyethubutu kuniuliza.

Nina hasira na wewe kwa kunificha wiki mbili na nusu. Nina hasira na huyo msimamizi aliyezima redio. Mungu asinikutanishe naye nikiwa na mwiko mkononi. Nina hasira na hao waliosimama chini. Na kuna mtu mwingine nina hasira naye, aliyekuandikia habari za ngazi, lakini huyo nitamalizana naye mwenyewe.

Hilo daftari ukilimaliza, kabla hujampelekea daktari, nipe mimi nilisome kwanza. Yeye anajua matumbo. Mimi nakujua wewe.

Dada


Jumamosi, 28 Machi

Dada,

Daftari hilo hapo, mpe Breki alirudishe Alhamisi. Nimeandika kila siku kama nilivyoambiwa. Sasa hivi nakula asubuhi saa kumi na moja na nusu, nakula mchana kwa sababu stoo kuna nafasi, maharage nimeacha, maziwa nimeacha, kahawa nimeacha, soda nimeacha. Kuna siku tumbo linatulia nikasema basi, nimepona. Halafu linarudi tena bila sababu. Daktari ataona nini hapo sijui. Mimi naona wali, yai na kuchanganyikiwa.

Chupa za rojo zinafika, ahsante.

Mdogo wako


Jumatano, 1 Aprili

Mdogo wangu,

Nimelisoma daftari lako mara nne. Nimelisoma kama ninavyosoma kitabu cha stoo nikijua kuna mtu anaiba sukari.

Jumatatu: wali, yai, ndizi mbivu. Tumbo shwari. Jumanne: wali, kuku wa kuchemsha. Shwari. Jumatano shwari. Alhamisi jioni: wali mtupu. Ijumaa: mara tano, maumivu makali. Jumamosi: wali mtupu, limejaa, linakata. Jumapili: wali mtupu, afadhali kidogo. Jumatatu shwari. Wiki ya pili hivyohivyo. Wiki ya tatu hivyohivyo.

Wali mtupu haumkimbizi mtu chooni mara tano. Na wewe nakujua. Tangu una miaka minne hujawahi kumeza wali mtupu, ulikuwa unautema. Mtu mwenye kuku Jumanne anakosaje hata tone la mchuzi Alhamisi?

Alhamisi Breki anafika.

Rojo langu ni vitunguu maji kilo mbili na saumu vichwa kumi, vinakaangwa mpaka vinakuwa uji. Nimemuuliza nesi wa zahanati ya hapa kiwandani, bila kumwambia ni wewe. Amesema kwa watu wenye tumbo kama lako, vitunguu na saumu ndivyo vinavyoongoza, pengine kupita hata maharage. Chupa nzima unaimaliza kwa siku tatu. Na hakuna mahali, hata mstari mmoja, ulipoandika neno rojo.

Umemdanganya daktari. Umejidanganya na wewe mwenyewe. Unakwenda kwenye kikao kuokoa cheti chako na daftari lenye shimo, na shimo lenyewe nimelipika mimi. Unajua nilivyojisikia? Wiki tatu hizi nilikuwa nakukasirikia, na kila Alhamisi nilikuwa nakutumia ugonjwa kwenye chupa niliyoifunga kwa kitambaa safi.

Na lile jingine. Umeniambia kwamba Ijumaa saa saba na nusu uliacha tangi hewani. Umeniambia pia kwamba kitabu cha mapumziko kinaonyesha Ijumaa hiyohiyo, saa saba hadi saa nane, ulikuwa umekaa unakula. Haya, ulikuwa wapi? Kantini au juu? Na Jumamosi ya tarehe 28, ukiwa umeshasimamishwa, sahihi yako ya chakula iko au haiko? Iko, maana uliiweka Jumatatu. Meneja hawezi kukifungua hicho kitabu bila kujivua nguo. Ajabu ni kwamba hamkuliona hilo ninyi mnaoshinda juu mkitazama kila kitu.

Una madaftari mawili na yote mawili yanasema uongo. Yarekebishe yote mawili. Mwambie daktari habari za rojo. Waambie kikao habari za kitabu.

Dada


Jumamosi, 4 Aprili

Dada,

Sitafanya hivyo.

Nikisema kitabu ni cha uongo, nimesema mimi ni mwongo, maana sahihi ni yangu. Miaka mitano, sahihi sita kila wiki. Na nimewachongea wenzangu wote wanaosaini. Wana watoto. Meneja atasema haya, huyu anaghushi kumbukumbu za usalama, mnampaje kreni? Wewe ni mpishi, dada. Ukikosea unaongeza maji. Huku hatuongezi maji.

Kuhusu rojo. Ulitaka niandike? Nilijua. Si kwamba nilijua kabisa, lakini wiki ya pili nilianza kuhisi, na wiki ya tatu nilikuwa nafungua chupa nikijua Ijumaa itakuwaje. Sikuandika kwa sababu daktari angeniambia niache. Nimeacha maharage, maziwa, kahawa, soda. Nakaa kwenye chumba chenye kitanda, jiko la mafuta na ndoo. Nikiacha na hiyo chupa, ninabakiwa na kitu gani cha kwetu? Ningeendelea kuumwa Ijumaa na Jumamosi. Nilishaona ni bei ninayoweza kulipa.

Niache na kikao changu. Umeshanihesabia vya kutosha.

Mdogo wako


Jumatano, 8 Aprili

Mdogo wangu,

Wiki hii hakuna chupa. Usimsumbue Breki, nimemwambia asithubutu hata kukununulia nyingine njiani.

Nilisema sitakwambia kuhusu mia. Nimebadilisha mawazo, maana naona hukumbuki kitu na unanihukumu kwa nusu ya habari. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, wewe sita. Geti la kiwanda lilikuwa likifungwa saa moja kamili asubuhi, na ukilikuta limefungwa umekosa kibarua cha siku ile. Ukilikosa mara mbili kwa mwezi umefukuzwa. Kutoka mlangoni kwetu mpaka kwa jirani aliyekuwa anabaki na wewe, halafu mpaka getini, ni kukimbia. Nilijaribu kukuamsha mapema, ulikuwa unasinzia na kijiko mdomoni. Nilijaribu kukubembeleza, ulikuwa unataka hadithi. Kuhesabu ndiko kulikofanya kazi. Mimi mwenyewe nilikuwa nakula nikikimbia, mkate mkavu, natafuna kona kwa kona. Nikifika mia na sahani haijaisha nilikuwa naanza kutetemeka, wewe ukidhani nimekasirika.

Nisamehe kwa mia. Sitaki unijibu kuhusu hilo.

Lakini sikiliza. Mimi nililikimbilia lile geti miaka yote hiyo kwa sababu sikuwa na wa kumwambia kwamba haiwezekani. Na wewe umeshinda njaa miaka mitano kwenye kile kibanda cha kioo kwa sababu mlisaini kwamba inawezekana. Wenzako wana watoto, ndiyo. Na mmoja wao ndiye atakayefuata kushuka ile ngazi. Au atakayekuwa chini ya tangi.

Fanya unavyoona. Ukiinyamazia hiyo Jumanne, usinitumie salamu tena, hata kwa mlinzi.

Dada


Jumamosi, 18 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Jumatatu nilikwenda kwa daktari na chupa tupu ya rojo mfukoni. Nikaiweka mezani kwake. Nikasema hii haimo kwenye daftari. Aliinusa, akavua miwani ikaning'inia kwenye kamba yake, akacheka mpaka mimi nikakasirika. Halafu akaandika barua mbele yangu. Ameandika kwamba ugonjwa ni wa kweli ingawa hauonekani kwenye kipimo, kwamba kukaa na njaa kutwa na kula kwa pupa jioni kunauchochea, na kwamba mtu wa hali yangu lazima ale kwa saa zake na choo kiwe karibu.

Jumanne. Chumba cha mikutano, meza ndefu, maji ya chupa ambayo hakuna aliyekunywa. Meneja akasoma barua ya daktari kwa kidole, akaisukuma pembeni. Akafungua kitabu cha mapumziko. Kama nilivyokuandikia, neno kwa neno: "Huyu bwana alikuwa na saa nzima." Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza, dada, nakwambia ukweli. Nilikuwa nimeamua hivyo mpaka nilipomwona msimamizi, yule aliyezima redio, ameitwa kama shahidi, anatazama dari.

Hasira ikanipanda kutoka miguuni. Nikamwambia meneja asome tarehe 27 kwa sauti. Akasoma. Nikamwomba asome na saa iliyoandikwa kwenye ripoti ya tukio. Akasoma, sauti ikapungua. Nikasema basi chagueni, nilikuwa kantini nakula au nilikuwa juu naacha mzigo, maana mnanishtaki kwa vyote viwili. Afisa usalama akakivuta kitabu. Akafunua ukurasa, akauliza, "Na Jumamosi tarehe 28, ukiwa umesimamishwa, ulikula hapa pia?" Nikasema kwa karatasi, ndiyo, na nilishiba. Akafunua wiki hiihii. Ilikuwa Jumanne asubuhi, na mwenzangu aliyeshika kreni yangu alikuwa ameshasaini chakula cha Jumamosi.

Afisa usalama akakifunga kitabu. Nikawaambia sahihi ni zangu, nimedanganya miaka mitano, na tangi niliacha mimi, sikusukumwa na mtu. Mkinifukuza, nifukuzeni kwa hayo. Msinifukuze kwa kushinda njaa.

Hukumu: barua ya onyo kwa kuacha mzigo, mwezi mzima mwingine chini, cheti kinabaki. Msimamizi kahamishwa. Mwendesha kreni wa pili ataajiriwa ili tupokezane. Kitabu afisa usalama kaondoka nacho chini ya kwapa. Wenzangu wawili hawaongei na mimi. Mmoja alinipitia stoo, akachukua glavu, akasema "ahsante" bila kunitazama, na sijui alikuwa anashukuru glavu au nini.

Bado nimekasirika. Sijui nimkasirikie nani sasa.

Mdogo wako


Jumatano, 22 Aprili

Mdogo wangu,

Kasirika tu, utachoka mwenyewe.

Kwenye mzigo kuna chupa. Usiitupe kabla hujasoma. Haina kitunguu maji, haina saumu. Nimetumia majani ya kijani ya vitunguu peke yake, sehemu nyeupe nimekata nikawapikia wanaume wangu. Kuna tangawizi, karoti, nyanya kidogo, mafuta, chumvi. Nesi amesema jaribu kijiko kimoja kwanza, uandike. Uandike kweli, safari hii. Nimeionja. Aibu yangu peke yangu.

Mwambie mlinzi maharage yake atayapata kila wiki ya mwisho wa mwezi, na chumvi nitaweka ninavyotaka mimi.

Dada


Jumamosi, 23 Mei

Dada,

Shikamoo.

Nimerudi juu tangu Jumatatu. Tuko wawili, tunapokezana. Nashuka saa nne, nashuka saa saba. Meneja akiniona anageuza njia. Mmoja wa wale wenzangu wawili ameanza kuongea, juzi aliniuliza daktari wangu anakaa mtaa gani.

Tumbo halijapona. Daktari amesema nisilingojee lipone kama kidonda, litakuwa linatulia na kuchafuka, na mimi nitazijua njia zake. Wiki iliyopita lilichafuka siku mbili, sijui kwa nini, nimeandika hivyohivyo, sijui kwa nini. Siku nyingine zote shwari, na Ijumaa imekuwa siku kama siku nyingine.

Rojo lako jipya halina ladha. Nimelimaliza. Nitumie jingine.

Ulisema nisikujibu kuhusu mia, kwa hiyo sikujibu, nakuhadithia tu. Jana saa saba nilishuka, nikanawa, nikakaa kwenye benchi la kantini na sahani yangu. Nikaanza kuhesabu, sijui kula bila kuhesabu. Nilipofika mia nikainua macho nikatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Nikaendelea. Nilifika mia saba na kumi na mbili, na chakula kilikuwa bado kipo.

Mdogo wako